Asubuhi ya pantoni na mama

Ukisimama kando ya maji upande wetu wa Kigamboni unaliona jiji lote: majengo marefu ya Posta, mnara wa kanisa la Azania Front, soko la samaki na moshi wake. Kinachotutenga nalo ni mlango wa bandari tu, mkondo wa mita mia chache, ambao pantoni huuvuka kwa muda usiofika dakika kumi. Lakini kuliona jiji ni jambo moja, kulifikia saa moja asubuhi ni jambo jingine, hasa kwa mtu asiye na gari na mwenye mgonjwa mkononi.

Mwaka 2015 mama yangu alianza mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani iliyoko mjini. Alikuwa amekatwa titi la kushoto, kidonda kimefunga vizuri, na daktari akasema hatua inayofuata ni mionzi, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki kadhaa. Ijumaa moja wakampima na kumchora mistari ya wino kifuani, kuonyesha mahali mashine itakapopiga. Wakamwonya: mistari hii isifutike, usiisugue, usiipake sabuni wala mafuta. Jumamosi na Jumapili mama alijifuta kwa kitambaa kibichi, akaikwepa ile sehemu kama inavyokwepwa rangi mbichi ya ukuta. Alikuwa mtu wa kuoga mara tatu kwa siku, na joto la Dar es Salaam mnalijua.

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya mionzi yenyewe, na ndiyo siku ninayotaka kuisimulia.

Tulitoka nyumbani Mjimwema saa kumi na moja alfajiri. Alivaa dera pana la pamba na khanga mbili, moja kichwani, nyingine ameikunja na kuishika kifuani kama ngao. Kipanya cha kwanza kilipita kimejaa. Cha pili konda alipomwona akamwambia kijana aliyekaa mbele kando ya dereva, "Kaka, mpishe mama akae na suka." Kijana akashuka bila neno, akaja kubanana na sisi nyuma. Barabarani giza lilikuwa bado, na wenzetu walikuwa wale wale wa kila alfajiri: walinzi wanaokwenda kupokea zamu, wanafunzi wa shule za mjini, akina mama wa biashara na ndoo zao tupu.

Tulipofika Feri tukakuta watu wamefika hadi barabarani. Siku hiyo pantoni moja ilikuwa matengenezo na iliyobaki ilikuwa inafanya kazi peke yake. Nani wa kulaumu sikutaka kujua. Nilichojua ni kwamba mama alitakiwa kuwa hospitalini saa mbili, na mbele yetu kulikuwa na umati wote wa Kigamboni.

Kwa asiyepajua, nieleze. Unakata tiketi, ambayo wakati ule ilikuwa karatasi ya shilingi 200 (nauli ilipopanda kutoka 100 mwaka 2012 watu walipiga kelele sana, na walikuwa na haki, kwa sababu anayevuka kwa miguu ndiye mwenye kipato kidogo kuliko wote). Kisha unasubiri bandani, nyuma ya geti la chuma. Pantoni ikigonga ng'ambo hii, wa mjini wanashuka kwanza, halafu geti linafunguliwa, na hapo ndipo watu wanapokimbia. Kila mtu anakimbia: mwenye begi, mwenye kapu, mwenye mtoto mgongoni. Hakuna ubaya katika mbio zile. Anayechelewa kazini anakatwa mshahara, basi anakimbia. Lakini ukiwa na mama mwenye kidonda cha upasuaji, kila kiwiko unakiona ni kisu.

"Mwanangu," aliniambia, "mimi sikimbii. Wakikimbia, sisi tukae pembeni."

Tukakaa pembeni. Geti likafunguliwa, umati ukapita mbele yetu kama maji ya mvua, likafungwa. Pantoni ikaondoka, na watu walioongezeka nyuma yetu walikuwa wengi kuliko walioondoka. Nikaanza kuhesabu kichwani: kwenda, kupakua, kupakia, kurudi. Na njia nyingine ilikuwa kuzunguka Kongowe hadi Mbagala, kisha Barabara ya Kilwa yenye foleni yake, kwa daladala zaidi ya moja. Tungefika adhuhuri.

Karibu yetu kulikuwa na kijana mwenye guta la madafu, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu. Alikuwa anasubiri upande wa geti la magari, maana maguta na mikokoteni hupita huko. Alikuwa anamtazama mama tangu muda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umeamkaje?"

"Salama. Mnakwenda wapi katika kundi hili?"

"Ocean Road," mama alijibu.

Hakuuliza zaidi. Dar es Salaam nzima inajua mtu anakwenda kufanya nini Ocean Road asubuhi ya Jumatatu. Alianza kusogeza madafu, akayapanga upande mmoja, akakunja gunia mara mbili na kulitandika. "Panda hapa, mama. Mimi napita huku."

Nilimshika mama mkono wa kulia, kijana akalishikilia guta lisiyumbe, mama akapanda. Tulipofika getini mhudumu akanyoosha mkono.

"Guta linabeba mzigo. Abiria wanapita kule."

"Huyu mama yangu," kijana akasema. "Namwahisha hospitali."

Mhudumu akamtazama mama, akautazama mkono wa kushoto ulivyokuwa umebana khanga kifuani. Akazichukua tiketi zetu, akazichana. "Basi mkishaingia ashuke, asivuke akiwa juu ya guta. Gari likisogea litamminya." Lilikuwa agizo la mtu mwenye akili, na tulilitii.

Hivyo ndivyo mama yangu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, alivyoingia pantoni kwa geti la magari, mbele ya umati, juu ya madafu.

Ndani tulimtafutia nafasi karibu na ukingo, mahali penye upepo. Mbio za geti zikaanza nyuma yetu na pantoni yote ikatikisika kwa vishindo vya miguu. Mama mmoja muuza samaki, mnene, sauti yake nzito, akaigeuza ndoo yake akaipiga sakafuni. "Kaa hapa dada. Ndoo kavu, nimeiosha jana." Kisha akasimama mbele ya mama, mikono miwili ameishika kwenye nguzo za ukingo, mgongo wake akiuelekeza kwa watu. Aliyesukuma alimsukuma yeye. Hakuna aliyemwomba afanye vile. Nimevuka pantoni ile tangu utotoni na ninasema kwa uhakika kwamba watu wa pantoni wako hivyo. Wanakukanyaga getini na wanakukinga ndani.

Tukawa tayari kuondoka, lakini hatukuondoka. Mlango wa bandari ni mmoja, na meli kubwa ikiwa njiani pantoni husubiri. Kwanza ikapita boti ya Unguja, ile ya saa moja, ikaacha mawimbi yaliyotupandisha na kutushusha. Halafu, taratibu kabisa, ikaingia meli ya makontena ikiongozwa na tagi, ile boti ya kuvuta meli; meli ndefu hadi ikaficha majengo ya mjini yote. Watu walianza kutazama simu zao. Mwanafunzi mmoja alikuwa anasoma daftari lake huku akitembeza midomo. Jua lilikuwa limeshatoka, bati la pantoni limeanza kupata moto, na nikaona jasho linashuka shingoni mwa mama.

"Mistari," akaninong'oneza.

Nilichukua ile khanga ya kichwani, nikampepea. Yule muuza samaki akauliza mistari gani, mama akamweleza. Mwanamke akanyamaza kidogo, akasema dada yake alichorwa vilevile, miaka miwili nyuma, na yupo, analima mihogo Kimbiji. "Jasho dogo halifuti, dada. Usitie hofu." Akavua mtandio wake naye akaanza kupepea.

Meli ilipopita, injini ikanguruma, tukavuka.

Kwenye mteremko wa Feri ya mjini tulisubiri watu waishe. Kijana wa madafu alimpandisha mama tena na kumsukuma hadi juu barabarani, hatua nyingi za mwinuko, misuli ya shingo imemtoka. Nilitoa noti nikampa. Akaukunja mkono wangu juu ya noti ile ile. "Mama aniombee biashara tu." Akakata kushoto kuelekea Posta. Nilitafuta sura yake katika foleni ya maguta asubuhi nyingi zilizofuata.

Dereva wa teksi alitaka shilingi 5,000 kwa mwendo usiofika kilomita mbili. Mama alikataa kabla sijafungua mdomo. Hesabu yake ilikuwa sahihi: ukianza kulipa Jumatatu, utalipa hadi Ijumaa, na wiki zilikuwa nyingi. "Tutembee. Upepo mzuri."

Barabara ile ya ufukweni, ambayo tangu 2013 inaitwa Barack Obama Drive, inapita chini ya Ikulu. Bahari kulia, ukuta wa Ikulu kushoto, mivinje inavuma. Ni njia nzuri kwa mwenye afya. Kwa mgonjwa ina tabu moja: kando ya Ikulu hakuna kusimama-simama. Mama alipochoka tulikuwa katikati ya ukuta huo, basi ikabidi tuende hatua ndogo ndogo, mimi nimembeba ubavuni, hadi tukaumaliza. Hapo akakaa kwenye shina la mvinje, akavuta pumzi, akaangalia ng'ambo tulikotoka.

Jengo la zamani la Ocean Road, lile jeupe, Wajerumani walilijenga mwishoni mwa karne ya 19 ili watu wao watibiwe wakipata upepo wa bahari. Waafrika na Wahindi walipelekwa hospitali ya Sewa Haji, iliyopewa jina la tajiri wa Bagamoyo aliyeigharimia. Ninalifikiria jambo hili kila nipitapo pale, kwa sababu asubuhi ile baraza zilikuwa zimejaa wakulima. Wakati ule ndipo palikuwa mahali pekee nchini pa kutibiwa saratani kwa mionzi. Tulikaa benchi moja na mwanamke kutoka Kigoma aliyekuja kwa treni ya reli ya kati, nchi nzima kutoka ziwani hadi baharini, akiwa na uvimbe shingoni na mtoto wa kiume wa kumshika mkono. Alipotuuliza tumetoka wapi, mama akamjibu kwa sauti ya chini, "Hapo ng'ambo tu." Akampa yule mtoto maandazi yetu.

Mama aliitwa saa tatu kasoro. Mlango ule ni mnene na mgonjwa huingia peke yake. Nilisimama nje nikisoma Ayatul Kursiy, na kabla sijairudia mara nyingi mlango ukafunguliwa.

"Kumbe hakuna maumivu," alisema. "Unalala tu, mashine inalia, basi." Na mistari? Mmoja ulikuwa umefifia, mtaalamu akaupitia upya kwa kalamu na kumwambia asihangaike.

Aprili ya mwaka uliofuata Daraja la Nyerere lilifunguliwa pale Kurasini, mita 680, na wenye magari wa Kigamboni wakapumua. Ninafurahi lipo. Lakini daraja linakushusha Kurasini, na kutoka hapo asiye na gari anatafuta daladala nyingine ya mjini, foleni juu ya foleni. Pantoni inakushusha mahali ambapo miguu inakufikisha hospitali, sokoni, mahakamani, ofisini. Ndiyo maana kila mara pantoni inapopungua ninapata hasira ya kweli. Wanaoumia ni wale ambao daraja halikuwafupishia njia: wauza samaki, wasukuma maguta, wanafunzi, na akina mama wenye mistari ya wino vifuani.

Kurudi tulipitia sokoni Feri. Nilimwambia mama tuwahi, jua kali, apumzike. Hakunisikia. Alikuwa ameshasimama mbele ya meza ya vibua, anainua mashavu ya samaki mmoja mmoja kwa kidole, kama alivyofanya maisha yake yote.

"Fungu hili bei gani?"

"Elfu tatu, mama."

"Elfu tatu kwa vibua vilivyolala? Tazama macho haya."

"Vya leo alfajiri, mama, wallahi."

"Nakupa elfu mbili, na huyo mkubwa wa pembeni unaniongezea."

Muuzaji akacheka, akatikisa kichwa, akashuka hadi elfu mbili na mia tano. Mama akaanza kuondoka. Alikwenda hatua tatu, akaitwa.

"Haya mama, njoo, elfu mbili."

"Na mkubwa?"

"Na mkubwa."

"Basi vifunge vizuri," akamwambia, huku akiingiza mkono wa kulia kwenye pindo la khanga kutafuta pesa. "Navuka navyo."