Doa la Oili Kwenye Karatasi

Nikisema kwamba kazi ya injini za boti niliisomea Nairobi, watu huuliza boti zenyewe zilikuwa zinaelea wapi. Zilibaki huko kwao. Injini ndizo zilizopanda kuja mjini, kwa sababu spea zilikuwa hapa, na mashine za kuchonga silinda zilikuwa hapa. Karakana yetu ilikuwa Industrial Area, nyuma ya maghala, na tulipokea injini kutoka kila penye maji: Naivasha, Baringo, Kalokol kule Turkana, Lamu, na zaidi ya kote, Ziwa Victoria. Zilifika zimefungwa magunia, zimelazwa juu ya mabasi au nyuma ya malori ya samaki. Uani tulikuwa na pipa la lita 200 lililojaa maji, na hilo ndilo lililokuwa ziwa letu. Injini ikitengenezwa, inatundikwa ukingoni mwa pipa, inawashwa, na mtaa mzima unajua kuna kazi imekwisha.

Fundi wetu mkuu tulimwita Mzee tu. Alikuwa mtu wa Lamu, amezaliwa karibu na vyombo, na injini aliyokuwa akiifungua alikuwa akiifikiria pamoja na watu waliokuwa botini nayo. Kila mteja aliambiwa na Mzee jambo moja kabla hajaondoka nyumbani kwake: usilete injini bila tangi lake la mafuta. Wengi waliona ni usumbufu. Mimi pia sikuwa nimeelewa sana maana yake mpaka siku alipokuja yule mama wa Mbita, kule Ziwa Victoria.

Ilikuwa mwaka 2004, msimu wa mvua, na barabara ya kuingia kwetu ilikuwa tope tupu. Mama huyu alikuwa na boti zake za kuvulia mbuta, na samaki wake aliwauza Gikomba, kwa hiyo Nairobi haikuwa ngeni kwake. Siku hiyo baada ya kushusha samaki alikuja na lori mpaka mlangoni. Alileta Yamaha ya nguvu ya farasi 15, tangi lake jekundu la lita 24, na kijana mmoja. Kijana alikuwa mtoto wa dada yake, naye ndiye aliyekuwa nahodha wa hiyo boti. Alikaa juu ya tairi kuukuu karibu na lango, mbali na sisi, akiangalia chini.

"Fundi," mama akasema hata kabla hajapewa kiti, "hii mashine ilizima katikati ya ziwa usiku, na watu wanne ndani. Walipiga makasia mpaka alfajiri. Mimi natoa pesa ya oili kila siku. Nataka uniambie kama hiyo oili iliingia kwa mashine ama iliingia kwa mfuko wa mtu."

Mzee akavuta kamba ya kuwashia. Haikusogea hata kidogo. Akamgeukia kijana. "Kabla haijazima, ilikuwa inatema maji?"

"Ilikuwa inatema, Mzee. Mpaka mwisho."

"Huyo usimwulize," mama akasema.

"Mama, yeye ndiye aliyekuwa nayo. Wewe ulikuwa umelala."

Swali lake lilikuwa na sababu. Injini hizi hupozwa na maji ya ziwa lenyewe, yanavutwa na pampu ndogo yenye mapanga ya mpira, yanazunguka silinda kisha yanatoka. Mapanga hayo yakichakaa, injini hupata joto kupita kiasi na kukwama hata kama oili ni sawa. Kwa hiyo tulianza chini. Tuliitoa pampu, Mzee akaugeuza mpira kwenye mwanga, akaukunja panga kwa panga. Mzima. "Maji hayana kosa," akasema, akaniambia nifungue kichwa cha silinda.

Nimeona pistoni nyingi tangu wakati ule, lakini zile mbili nazikumbuka. Ubavuni zilikuwa na mikwaruzo ya wima, mingi zaidi upande wa tundu la moshi ambako joto ni kali, na alumini ilikuwa imeyeyuka kidogo ikapakaa kwenye ukuta wa silinda. Ringi zilikuwa zimegandamana ndani ya mifereji yake. Tulipofika kwenye krankshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, beringi za konrodi, mikono inayoziunganisha pistoni nao, zilikuwa zimegeuka rangi ya buluu, ile rangi chuma hupata kikichomwa. Mzee akapitisha kidole ndani ya kreki, chumba cha krankshafti, pale ambapo siku zote unatoa kidole kikiwa na utando wa mafuta. Kilitoka karibu kikavu.

Hapo alimweleza yule mama, polepole, kwa nini injini ya mipigo miwili kama hii haiwezi kusamehe. Injini ya gari ina oili yake chini, inazunguka na kurudi. Hii haina. Petroli na hewa hupitia kwanza chini ya pistoni, kwenye krankshafti na beringi, ndipo zipande juu kuchomeka. Oili iliyochanganywa ndani ya petroli ndiyo inayolowesha kila kitu njiani, kisha nayo inachomeka na kutoka na moshi. Haibaki akiba. Kila tone la petroli linaloingia lazima lije na oili yake.

"Kwa hivyo haikuwekwa," mama akasema, na akamtazama mpwa wake jicho ambalo nisingependa kutazamwa nalo.

"Bado sijasema hivyo."

Mzee akaniomba karatasi. Nikachana ukurasa mweupe kwenye daftari langu la spea. Akadondosha matone matatu, kila moja mbali na mwenzake: la kwanza petroli tupu, la pili mchanganyiko wetu wa karakana, sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili, na la tatu kutoka kwenye mabaki ya lile tangi jekundu. Tukasubiri yakauke. Petroli hukauka upesi, oili haikauki, na karatasi haijui kudanganya. Alipoiinua kuelekea mlangoni, tone la kwanza halikuonekana lilikokuwa. La pili liliacha doa linalopitisha mwanga, kama karatasi iliyofungiwa mandazi. La tatu nililiona tu alipoinamisha karatasi: duara hafifu, la kutafutwa.

Fundi mwingine angesimama hapo, na mimi naamini huko ndiko kazi ya fundi inakoharibika. Injini inatengenezwa vizuri, bili inalipwa, na sababu iliyoiua inarudi nayo nyumbani. Mzee aliiweka karatasi chini akamwita kijana asogee.

"Nieleze unavyofanya. Kuanzia ufukoni."

Kijana akaeleza. Jioni wanajaza tangi, wanaweka oili, yeye mwenyewe anaikadiria kwa kopo. Wanaenda mbali siku hizi, samaki hawako karibu tena. Usiku mafuta yakifika nusu, wanaongeza kutoka kwenye mtungi.

"Na mtungini mna nini?"

"Petroli."

"Petroli na oili?"

Kijana akashangaa. "Oili si iko kwa tangi tayari, Mzee?"

Mzee akachukua chaki akaandika juu ya meza ya kazi. Tangi la lita 24 kwa kipimo cha 50 kwa moja linataka mililita 480 za oili. Ukitumia nusu, zimebaki 240. Ukijaza kwa petroli tupu, una lita 24 zenye 240. Ukitumia nusu tena na kujaza tena, una 120, robo ya kinachotakiwa. Na kwa kuwa asubuhi tangi lilirudi na mabaki hayo hayo mepesi, na jioni oili iliongezwa kwa kukisia, hakuna usiku ambao injini ilipata haki yake. Alipiga mstari chini ya 120 akamgeukia mama.

"Oili uliyoilipia iliingia. Ilikuwa inazimuliwa. Huyu hakukuibia."

Mama alisema jambo kwa Kijaluo ambalo sikulielewa, kisha kwa Kiswahili, "Kwa nini hukunieleza?"

"Hukuniuliza, Mama. Uliniita mwizi mbele ya watu."

Hakumjibu. Alitoka akavuka barabara kwenda kwenye kibanda, akarudi na soda tatu, ya kwanza akampa kijana. Sikumbuki kama mtu alizungumza wakati tunakunywa. Ninachokumbuka ni kwamba Mzee alizikusanya zile chupa tupu, akaiosha moja, akaniambia niende duka la dawa nikanunue sindano kubwa isiyo na ncha.

Ukarabati wenyewe ulikuwa kama mwingine wowote: silinda zilichongwa, tukaweka pistoni kubwa zaidi kwa nusu milimita, ringi mpya, beringi mpya, sili mpya. Waliporudi kuichukua, kipimo kilikuwa tayari. Chupa ya soda ya kioo hujazwa mililita 300, na 300 ni oili ya lita 15 kamili. Lakini chupa ile ina kiuno, huwezi kuigawa kwa rula. Kwa hiyo nilikuwa nimeijaza maji kwa sindano, 100 kisha 100 kisha 100, na kila mara nikakwaruza alama kwa tupa na kuipaka rangi nyekundu. Kila alama ni lita 5 za petroli. Mtungi wa lita 20 unataka chupa nzima na alama moja. Mtu asiyejua kusoma anaweza kuipima kwa mwanga wa taa ya karabai.

Mzee alimfanya kijana achanganye mbele yetu. Kwanza robo ya petroli mtungini, halafu oili, funga, tikisa sana, ndipo ujaze iliyobaki na kutikisa tena. Ukimwaga oili mwishoni juu ya mtungi uliojaa, haina nafasi ya kuchanganyika, na kwa kuwa ni nzito kuliko petroli itatafuta chini. Akampa na sheria moja, akairudia mpaka kijana akaicheka: petroli tupu isipande boti. Kila mtungi unaoingia majini uwe umeshachanganywa ufukoni.

Kuhusu oili yenyewe alikuwa mkali zaidi. Iwe ya injini za boti, yenye alama ya TC-W3 kwenye kopo. Oili ya gari ina madini ya kusafishia ambayo yakichomeka huacha majivu; majivu yanaganda kwenye plagi na kukamata ringi. Ile ya kupimiwa kando ya barabara, hata usiinuse. Nami nasema hivyo hivyo hadi leo, maana nimeona kilichomo ndani ya injini zilizoinywa.

Kwa kuwa pistoni na ringi zilikuwa mpya, saa 10 za kwanza za kazi zilitaka oili mara mbili, 25 kwa moja. Mama akauliza kwa nini isiendelee hivyo daima, si ndiyo usalama? Ni swali zuri, na wengi hujijibu vibaya. Oili ikizidi, inachukua nafasi ya petroli inapopita kwenye jeti ya kabureta, lile tundu dogo la kupitishia petroli, kwa hiyo injini inapata petroli kidogo kwa hewa ile ile na inachoma kwa joto zaidi. Halafu kuna moshi, na plagi zinalowa nyeusi, na siku plagi inakataa utakuwa mbali na nchi kavu vilevile.

Tukaitundika kwenye pipa. Iliwaka mvuto wa tatu, ikatema maji, uani pakajaa moshi wa buluu wa ule mchanganyiko mzito. Ilikuwa inagugumia kidogo ikiwa polepole, nikanyoosha mkono kwenye skrubu ya kabureta. Mzee akaushika mkono wangu.

"Hapa ni Nairobi," akasema. "Hewa yetu ni nyembamba."

Mji uko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Ziwa Victoria liko kwenye 1,134. Injini inayoonekana kushiba petroli hapa itapata hewa nzito zaidi kule na kukaa sawa. Ukiipunguzia petroli ili ikupendeze ukiwa Industrial Area, utakuwa umeipeleka ziwani na njaa, na njaa hiyo ndiyo inayotoboa pistoni. Kwa wa Turkana na Lamu, walio chini zaidi, kosa hilo lingekuwa kubwa zaidi. Tukaiacha igugumie.

Kijana aliifunga gunia mwenyewe. Mama akarudi kibandani akalipia amana ya chupa nyingine, moja kwa kila boti aliyokuwa nayo, akaniletea nizitie alama. Nilipokuwa nakwaruza, aliihesabu pesa ya oili mezani, pale pale palipokuwa na zile hesabu za chaki, akampa mpwa wake mkononi aende dukani akachague mwenyewe. Alirudi na makopo mawili ya lita moja moja, TC-W3 imeandikwa mbele, na risiti akamnyooshea. Mama akamwambia aiweke na apande, dereva alikuwa ameshaanza kupiga honi.