Duka dogo mbele ya duka kubwa la bei nafuu

Usishushe bei ya kila kitu, utafilisika. Duka kubwa hununua shehena nzima kutoka kiwandani, na mara nyingine huuza kwa hasara bidhaa chache ambazo kila mteja anajua bei zake: sukari, mafuta ya kupikia, sabuni. Chagua 10 hadi 15 za aina hiyo, sogeza bei zake karibu na za duka hilo, kisha tafuta faida kwenye vitu ambavyo watu hawalinganishi, kama viungo na betri.

Wengi huangushwa na hesabu. Kitu ulichonunua 80 ukiongeza asilimia 25 unauza 100, lakini faida ni asilimia 20 ya mauzo, na bado hujatoa kodi ya pango wala umeme. Kikioza kimoja, lazima uuze vinne kurudisha tu fedha yake! Kwa hiyo agiza mboga na maziwa kidogo kidogo, na mzigo mpya upangwe nyuma ya wa zamani.

Maduka kadhaa yakiagiza pamoja hupata bei nzuri ya jumla. Andikianeni mapema nani analipa lini. Ugomvi huanzia hapo.