Nilivyopata mkwaruzo wa vali bila vali

Ampu ya vali, yaani kikuza sauti cha gita kinachotumia mirija ya kioo isiyo na hewa, ni shida kuishi nayo Lamu. Ni zigo la kupakia botini Mokowe, kisha hamali alisukume kwa mkokoteni vichochoroni. Hewa ya chumvi inakula soketi, na vali ikiungua huendi dukani ukapata nyingine. Nami harusini nataka gita lenye ule mkwaruzo mnene wa vali zikizidiwa. Ndipo nikakaa na laptopu, nikaiandika ampu yenyewe iwe programu.

Wengi huanzia kwenye fomula ya tanh, mkunjo wa hesabu unaobana vilele vya wimbi la sauti. Ni rahisi, lakini inakata wimbi juu na chini sawasawa, kwa hiyo huzaa harmoniki (sauti za juu zenye masafa ya noti mara 2, 3, 4 na kuendelea) za witiri tu: ya 3, ya 5, ya 7. Vali ya 12AX7, ya kawaida kwenye ampu za gita, haikati hivyo. Upande mmoja mkondo unazimika, upande wa pili gridi, sehemu inayopokea sauti na kuuongoza mkondo, yenyewe inaanza kuvuta mkondo. Hapo shufwa zinaingia na sauti inanona. Nilitumia mlinganyo wa Norman Koren wa 1996 unaokadiria mkondo wa vali, ukuzaji ukiwa 100 na kipeo 1.4. Volti ya anodi, ncha ya kutokea ya vali, hutegemea mkondo, na mkondo hutegemea volti hiyo hiyo, basi nikautatua mapema na kuyaweka majibu kwenye jedwali.

Lakini jedwali halina kumbukumbu, na utamu wote uko hapa. Kati ya vali na vali kuna kapasita, kifaa cha kuhifadhi chaji. Ukizipiga nyuzi kwa nguvu hadi gridi ivute mkondo, kapasita hujaa chaji na kuisukuma vali kuelekea kuzimika. Noti laini inayofuata hutoka imebanwa, kisha hufunguka. Kapasita ya nanofaradi 22 na kipingamizi cha megaohmu 1 huzaa muda wa milisekunde 22. Muda mfupi, ila kidole kinaujua. Kwangu hili lina thamani kuliko usahihi wa mkunjo wowote.

Kisha mpiga kinanda wetu, mzee wa taarab, akaniambia, "Mwanangu, gita lako lina mbu ndani." Kweli alikuwamo. Kwenye sampuli (vipimo vya wimbi la sauti) 48,000 kwa sekunde, chochote kinachozidi 24,000 Hz hakipotei, kinajikunja na kurudi chini: harmoniki yenye 40,000 Hz inasikika kwenye 8,000 Hz. Tena ukiuvuta uzi noti ipande, mbu anashuka! Dawa ni kuzidisha sampuli mara 8, kukwaruza huko juu, kuchuja, ndipo urudi 48,000. Inakula prosesa, lakini inafaa.

Spika haikunichelewesha: nilitumia rekodi ya mwitikio wa kasha lenye spika ya inchi 12, ambayo huua sehemu kubwa ya sauti iliyo juu ya 5,000 Hz. Anayelalamika kwamba programu yake inachoma masikio, mara nyingi ameisahau spika.

Bafa, kiasi cha sauti ambacho laptopu hukusanya kabla ya kukitoa, nimeiacha kwenye sampuli 128, chini ya milisekunde 3. Nikiipandisha hadi 512 inazidi milisekunde 10, na mkono wangu unaanza kuburuzika nyuma ya ngoma.