Vijiti, soko na ajua darasani

Walimu wenzangu wa madarasa ya chini, kabla hujaandika 32 − 17 ubaoni, wape watoto vijiti. Kila vijiti kumi vifungwe kwa raba viwe fungu moja, vinavyobaki viachwe hivyo hivyo. Leo Gredi ya 2 yangu hapa Kisumu walikuwa na mafungu matatu na vijiti viwili. Msichana mmoja akatafuta saba za kutoa, akaona mbili tu. Akayaangalia mafungu, akang'oa raba ya moja, vijiti vikamwagika mezani. "Mwalimu, sasa niko na kumi na mbili!" Hakuna aliyemwambia avunje kumi. Nimefurahi mno.

Ijumaa madawati yanageuka soko la Kibuye: pakiti tupu za unga, nyanya za udongo, noti za karatasi. Nyanya ni shilingi 15, mteja ametoa 20. Watoto ambao mama zao huuza sokoni hawatoi 15 kwenye 20, wanapanda kutoka 15 hadi 20 na kurudisha chenji. Ni njia sahihi kabisa, tafadhali msiwakataze!

Pia kuna ajua, mchezo wa bao wa wazee wetu Wajaluo. Mtoto anayedondosha mbegu shimo kwa shimo huanza kukadiria zitaishia wapi kabla hajazishika, na hiyo ni hesabu ya kichwa.

Sasa nakusanya vifuniko vya soda vya kuhesabia. Mwenye hoteli upande wa Kondele, tuwekee, nitapitia jioni.