Siku moja maishani mwangu: mkemia wa sumu, Mtwara

Naamka kabla ya adhana. Hapa Shangani upepo wa bahari huwa mtamu saa hiyo tu. Ikifika saa 3, joto la Novemba limeshakukaba. Nachemsha mihogo, nawaandaa watoto, najaza chupa ya maji. Saa 1 kasoro niko juu ya bodaboda, na njia nzima inanuka mabibo kwa sababu ndio msimu wake.

Kazi yangu ni kutafuta sumu kwenye damu, mkojo, ini na matumbo ya watu. Wengine wakisikia hivyo wanasogeza kiti. Jirani mmoja, mama ninayemheshimu sana, aliwahi kuniuliza kama huwa naoga kabla ya kuwashika wanangu. Nikamjibu ndiyo, naoga. Haya nayaandika kwa ajili yake, na kwa wale wanaodhani tunadondosha tone kwenye mashine, mashine inasema "kauawa", nasi tunapiga muhuri. Siku ninayoisimulia si ya jana. Jalada lake limeshafungwa, na nimebadilisha mambo kadhaa ili mtu asitambulike.

Saa 1:30 asubuhi. Nasoma joto la kila friza na kuliandika, naweka jiwe la gramu kwenye mizani, nafungua gesi, naangalia kama mashine imeamka salama. Miaka 9 sasa, kila asubuhi ni hivyo hivyo.

Saa 2 wanaingia vijana wawili wa mafunzo kwa vitendo. Nilipomaliza shahada ya kemia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nilibaki nikisaidia kufundisha huku nasoma uzamili, na mapenzi ya kufundisha hayajanitoka hadi leo. Asubuhi ile niliwapa habari za James Marsh, mkemia wa Uingereza. Aliitwa kwenye kesi ya kijana John Bodle, aliyeshtakiwa kumtilia babu yake aseniki kwenye kahawa. Marsh aliipata aseniki kwa kipimo cha wakati ule, ikatoka kama mashapo ya manjano. Lakini mpaka yafike mbele ya raia walioamua kesi, mashapo yalikuwa yameharibika, hawakuridhika nayo, kijana akaachiwa. Marsh aliumia. Akahangaika mpaka mwaka 1836 akachapisha kipimo kipya, ambacho aseniki inaganda kwenye kioo kama utando mweusi unaong'aa. Nikawaambia vijana: mkumbuke kwamba sumu alikuwa ameipata. Kilichomponyoka ni kielelezo.

Saa 4:20. Mlangoni afande kijana na kisanduku cha barafu, nyuma yake mzee mwenye kofia ya kufuma, wametoka juu kule uwanda wa Makonde kabla hakujapambazuka.

"Shikamoo dada."

"Marahaba afande. Shikamoo baba. Poleni na safari."

"Marahaba mwanangu. Tumeshapoa."

Nasoma barua. Mwanamume wa makamo, alikunywa gongo la mabibo Jumatatu jioni, Jumanne mchana akapelekwa hospitali akilalamika tumbo na kwamba macho yana ukungu, usiku akafariki. Uchunguzi wa maiti ukafanyika Jumatano, wakazika siku hiyo hiyo. Ndugu wanamtuhumu mke kwamba alimtilia kitu kwenye chakula. Chini kabisa limeandikwa swali letu: "Je, kuna sumu?"

Swali hilo linanichosha kuliko kazi yenyewe. Sumu si kitu kimoja. Dawa ya kunyunyizia mikorosho ina njia yake ya kutafutwa, vidonge vya usingizi vina yake, pombe ina yake, na kila njia inakula sehemu ya sampuli ambayo hairudi. Mtu akiniambia marehemu alisema haoni vizuri, amenisaidia mara mia kuliko kuniandikia neno "sumu".

Kwa hiyo nilishajua pa kuanzia. Gongo na macho yenye ukungu: methanoli, aina ya pombe iliyo sumu. Tunda la bibo lina pektini, ile inayogandisha jamu, na pektini ikichachuka hutoa methanoli. Gongo likipikwa, methanoli nayo hupanda na mvuke ikaingia chupani. Mwilini hugeuzwa fomaldihaidi, kisha asidi fomiki, na hiyo asidi ndiyo inayoua mshipa wa jicho. Haianzi papo hapo. Mtu anaweza kulala vizuri akaamka siku ya pili haoni.

Nikafungua kisanduku. Makopo mawili, tumbo na ini, lakiri nzima, jina sawa. Halafu nikaiona lebo: yamehifadhiwa kwa fomalini, ile dawa ya maji ya kuzuia nyama isioze.

Nilikaa chini. Fomalini ni nzuri kwa daktari anayetaka kutazama nyama chini ya hadubini. Kwangu mimi ni msiba. Inagandisha nyama, na dawa nyingine inazigeuza kabisa: notriptilini, dawa ya sonona, ikikaa humo inaweza kuwa amitriptilini, dawa nyingine ambayo huenda marehemu hakuimeza maishani mwake. Na hili ndilo lililonikata maini: fomalini ya dukani huongezewa methanoli kiwandani ili isigande. Kopo lote lile lilikuwa limelowa kitu kile kile nilichotakiwa kukitafuta. Ningepima, mashine ingesema methanoli ipo, na ingekuwa kweli, na isingekuwa na maana yoyote.

"Afande, hivi siwezi kuvipima kwa swali hili."

"Dada, wewe pima tu. Mkuu wangu anasubiri majibu."

Nikamweleza. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema: "Sawa, lakini si mpime tu muone?" Nikamweleza tena, safari hii kwa karatasi na mchoro. Akampigia mkuu wake, akanipa simu. Mkuu akanieleza kwamba wao wamekwisha leta, kupima ni kazi yetu, na kwamba gari lilikwenda kwa mafuta ya kuungaunga na halitakwenda mara mbili. Nikamweleza kwa mara ya tatu. Akanyamaza, akauliza jina langu kamili na cheo changu. Nikampa vyote. Akasema atawasiliana na wakubwa wangu. Nikasema karibu. Afande naye ananitazama kama mtu aliyeharibiwa siku, na kweli imeharibika, kwa sababu hakuna aliyemfundisha jambo hili na yeye hakuyajaza makopo yale. Simu ikapigwa tena. Ikakatika. Ikapigwa. Hasira ilinipanda mpaka mikono ikatetemeka, nikaificha mifukoni mwa koti.

Kijana wangu mmoja wa mafunzo akaja taratibu: "Mwalimu, si alilazwa kabla hajafa? Hakutolewa damu?"

Mungu ambariki mtoto yule. Nikapiga maabara ya ile hospitali. Mtaalamu wa zamu akaenda kufungua jokofu huku nasikia viatu vyake kwenye simu. Upo mrija, akasema. Walimpima sukari Jumanne.

"Kifuniko rangi gani?"

"Kijivu."

Nilitamani kumkumbatia. Mrija wa kijivu una floridi ya sodiamu, inazuia chembe za damu zisile sukari, na hiyo hiyo inazuia vijidudu visitengeneze pombe ndani ya damu iliyokaa. Na ni damu ya mtu aliye hai, haijaguswa na fomalini. Nikamwomba asiiguse, afunge jokofu, amkabidhi afande kwa maandishi. Saa 7 kasoro afande akaondoka, bila kula.

Mzee hakuondoka. Alikaa kwenye benchi chini ya mwembe. Nilipompelekea chai akanishika mkono.

"Mwanangu, wewe umesoma. Niambie tu. Kalishwa, au hakulishwa?"

"Baba, sijui. Na hata nikijua, majibu yanakwenda polisi, siruhusiwi kukupa wewe."

Akafungua mfuko wa rambo, akatoa kopo la plastiki. Kisamvu kilichobaki, kimeanza kuota ukungu pembeni. Alikibeba mapajani njia nzima. "Mkamwana wangu ndiye aliyekipika. Kipime." Nikamweleza kwamba sipokei kitu mkononi mwa ndugu, kikipita bila polisi kukiandika, mahakamani watasema yeyote angeweza kukitia chochote. Uso wake ulibadilika. Alinyamaza muda mrefu, nami nikabaki pale kwa sababu sikuona namna ya kunyanyuka. Mkamwana, akasema, amekimbilia kwao na watoto.

Halafu, kama mtu anayejisemea: "Kilio kimewazidi watu. Yule rafiki yake waliyekunywa naye, walipotoka makaburini jana wakaendelea na dumu lile lile. Leo tangu asubuhi amelala barazani, anasema haoni sawa."

Nilisimama. Sikumbuki ilikuwa saa ngapi. Nilimwambia mzee apige simu nyumbani saa ile ile, yule mtu abebwe kwa bodaboda, kwa baiskeli, kwa mgongo, afike hospitali, na waseme neno "methanoli" mlangoni. Kuna tiba: pombe ya kawaida, ethanoli, ikitolewa kwa kipimo na daktari, inaushika ule utendaji wa ini usiigeuze methanoli kuwa asidi. Lakini saa zinahesabika. Na dumu lisimwagwe, lisiguswe, afande alichukue. Mzee alikuwa anabonyeza simu vidole vinakosea, nikamshikia.

Mchana uliobaki ulipita hivi hivi. Vijana waliandaa viwango vya kesho, yaani vimiminika tunavyojua kiasi chake, vya kupimia sampuli: ethanoli, methanoli, asetoni na propanoli ya kulinganishia. Matone machache ya damu kwenye chupa iliyofungwa, inapashwa moto, mvuke unavutwa, kila kimoja kinatoka kwa dakika yake. Ni dakika chache tu za mashine. Hayo mengine yote niliyoyaeleza ndiyo kazi. Niliwaaga vijana, nikapiga nyumbani kusema nitachelewa, nikaanza kusahihisha ripoti ya mwanafunzi, nikasoma ukurasa mmoja mara nne. Mgongo ulikuwa unawaka.

Giza lilipoingia simu ya mzee ikaita. Rafiki amelazwa, ametundikiwa dripu. Mzee alishukuru, akakaa kimya, kisha akapiga namba nyingine. Nilidhani ni hospitali. Nikasikia anauliza: "Watoto wamekula?"

Majibu ya mrija ule siyaandiki hapa. Afande aliingia amejaa vumbi, kisanduku mkono mmoja, dumu limefungwa lakiri mkono wa pili, na kabla hajakaa alikuwa ameshaandika kopo la kisamvu kwenye hati yake bila mimi kumwomba. Tulisaini wote wawili. Nikafungua daftari la mapokezi nikaandika: saa 2:10 usiku, mrija mmoja wa damu, kifuniko cha kijivu, lakiri nzima.