Kilo 23 na Maparachichi ya Shangazi

Ni Jumatano usiku, mvua imekatika muda mfupi uliopita, na sanduku langu limelala wazi kitandani tangu jana jioni kiasi kwamba nimelazimika kuhamia chumba cha wageni. Ijumaa asubuhi nitapanda ndege katika uwanja wa Songwe, huku kwetu Mbeya, kwenda Dar es Salaam, na usiku wa siku hiyo hiyo nitaendelea na safari hadi Uholanzi, ambako nitahudhuria mafunzo ya majuma matatu kuhusu uhifadhi wa mazao baada ya mavuno. Nimekuwa afisa ugani kwa miaka mingi, nimepanga magunia ya mahindi kwenye maghala mpaka nikayazoea, lakini sanduku la safari bado linanitia wasiwasi, na sababu yake ninaijua vizuri.

Mwaka 2017, katika safari yangu ya kwanza ya nje, sanduku langu lilipimwa kwenye kaunta Dar es Salaam likazidi kiwango kwa kilo 6. Nilitakiwa nilipie uzito uliozidi au nipunguze mzigo. Fedha sikuwa nazo, kwa hiyo nilipiga magoti sakafuni, nikalifungua sanduku mbele ya foleni nzima, nguo zangu za ndani zikionekana, nikaanza kutoa mchele wa Kyela ambao shangazi yangu alikuwa ameufunga kwa mikono yake mwenyewe. Mchele ule niliuacha kwa mwanamke mmoja mfanya usafi, ambaye alinishukuru mno, lakini mimi nilipanda ndege nikiwa na donge kooni. Kilichoniuma zaidi ya aibu ni kwamba nilikuwa nimekubali zawadi ambayo tangu mwanzo haikuwa na nafasi.

Tangu siku ile nimejifunza kuanza na hesabu kabla ya nguo. Tiketi yangu inaniruhusu kilo 23 kwa mzigo unaoingia tumboni mwa ndege na kilo 7 kwa mzigo wa mkononi. Kilo 23 si za nguo peke yake, kwa sababu sanduku tupu nalo lina uzito wake. Lile la zamani nililorithi kwa marehemu baba lilikuwa na kilo 5 kabla sijaweka hata soksi, na ingawa nalipenda, safari hii nimeliacha juu ya kabati na kuazima la dada yangu lenye kilo 3 kasoro kidogo. Kilo mbili nilizozipata hapo ni nyingi kuliko zote ambazo ningezipata kwa ustadi wa kukunja. Jambo la pili ni kwamba aliyenunua tiketi ya ndani na ya nje kwa nyakati tofauti, kama mimi, hana budi kusoma masharti ya zote mbili, kwa kuwa ndege ya kwanza ndiyo inaweza kuwa na kiwango kidogo, na mzigo hupangwa kwa kufuata safari iliyo kali zaidi.

Watu wengi hunishauri niviringishe nguo badala ya kuzikunja, na ni kweli kwamba fulana na suruali za kitambaa chepesi zikiviringishwa hukaa vizuri na hazipati mikunjo mikali. Lakini kuviringisha huokoa nafasi tu, uzito unabaki ule ule, na sanduku lililobanwa vizuri ndilo linaloweza kumdanganya mwenye nalo, kwa sababu linafungika kwa urahisi huku kilo zikiwa zimepita. Kinachopunguza uzito ni kuacha vitu. Jana nilitandaza kila nilichokuwa nimekusudia kukibeba, nikajiuliza kwa kila nguo itavaliwa na ipi nyingine. Sketi mbili zilizoendana na blauzi moja tu zilirudi kabatini, pamoja na viatu vya tatu.

Katika hili sisi wa nyanda za juu tuna bahati moja. Mtu aliyekulia Mbeya, ambako mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na asubuhi za Juni na Julai humfanya mtu avute pumzi na kuona mvuke wake, anajua tayari kuvaa nguo nyembamba moja juu ya nyingine, na hana haja ya kununua jaketi kubwa linalojaza nusu ya sanduku. Nimechukua sweta mbili nilizozipata kwenye mitumba ya Mwanjelwa, fulana za ndani za mikono mirefu, na koti moja ambalo sitalifungasha kabisa bali nitalivaa pamoja na viatu vizito. Najua kwamba joto la Dar es Salaam litanitesa saa chache nikiwa na koti mkononi, lakini mifuko ya koti hilo itakuwa imebeba chaja, miwani na daftari. Nimeongeza khanga mbili, kwa maana sijaona kitambaa kingine ambacho mtu anaweza kujifunika nacho ndani ya ndege, kujifutia maji, kulalia, na kufungia viatu visichafue nguo. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini Juni 1, 2019, khanga na vifuko vya kitambaa ndivyo ninavyotumia kutenganishia vitu, na sitamani kurudi kwenye rambo.

Vimiminika vinahitaji uangalifu wa peke yake. Kwa kawaida chupa inayoingia kwenye mzigo wa mkononi haitakiwi kuzidi mililita 100, na kinachotazamwa ni ukubwa wa chupa yenyewe, kwa hiyo chupa ya mililita 200 iliyobaki nusu itatupwa hata ukibembeleza. Mafuta ya mgando na dawa ya meno nayo huhesabiwa humo. Kuna jambo jingine ambalo watu wa Mbeya tunaliona hata kwenye basi: chupa ya maji iliyofungwa hapa, ukiitoa Dar es Salaam, mbavu zake zimebonyea, kwa kuwa hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani. Ndani ya ndege hutokea kinyume chake. Chupa ya losheni iliyofungwa Dar es Salaam huvimba angani na kuvuja ikiwa kifuniko hakijakazwa, kwa hiyo mimi huikamua hewa kwanza, nikafunga, kisha nikaiweka kwenye kifuko chake.

Betri ya akiba ya simu nimeiweka kwenye mkoba, kamwe si kwenye sanduku, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto karibu na abiria wahudumu wataiona na kuizima, lakini kule chini hakuna wa kuiona mapema. Yangu imeandikwa saa-miliampea 20,000; ukizidisha kwa volti 3.7 na kugawa kwa 1,000 unapata saa-wati 74, chini ya 100 zinazokubalika bila kuomba kibali. Pamoja nayo kuna dawa zangu, nyaraka, na nguo za siku moja, maana ukungu wa Songwe ukitanda ndege huchelewa, na sijui nitalala wapi.

Leo mchana shangazi amefika kutoka Tukuyu. Safari hii nilimpigia simu mapema nikamweleza kwamba nimemtengea kilo 2 kamili, na akazipanga mwenyewe: majani ya chai ya Rungwe na chupa ya asali, ambayo nimeifunga mara tatu na kuiweka katikati ya sweta ndani ya sanduku, kwa sababu asali nayo ni kimiminika. Hata hivyo alikuja na maparachichi manane kwenye kikapu.

"Haya hayana uzito, mwanangu," alisema.

Nilimweleza kwa upole kwamba nchi za Ulaya hazipokei matunda mengi mabichi bila cheti cha afya ya mimea, na kwamba mimi, afisa ugani, siwezi kuwa wa kwanza kulivunja sharti linalowalinda wakulima wa wenzetu dhidi ya wadudu. Alinitazama kidogo, akauliza kama Wazungu hawajui parachichi la Rungwe, nami nikamjibu kwamba wanalijua sana, ila huwafikia kwa njia nyingine.

Jioni tulibeba sanduku pamoja hadi dukani kwa jirani anayenunua mahindi, tukalitundika kwenye mizani yake. Kilo 21 na nusu. Shangazi alitaka nimweleze kilo moja na nusu iliyobaki ni ya nini, nikamwambia ni ya zawadi yake wakati wa kurudi, akacheka na kusema, "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Maparachichi tumeyapanga dirishani, na yakilainika Jumamosi atayala yeye na watoto, na chumvi kidogo.