Kile kibao cha watoto wawili

Leo asubuhi nampeleka binti yangu shule hapa Leicester, Uingereza, manyunyu yanatupiga. Ghafla akasimama chini ya kile kibao cha barabarani cha pembetatu yenye ukingo mwekundu, chenye picha ya watoto wawili, kinachowaonya madereva kuwa watoto wanavuka.

"Mama, mbona msichana ndiye anayemvuta mvulana?"

Miaka sita napita hapo. Sijawahi kuliona hilo.

Nikasoma nikiwa kwenye basi. Aliyekichora ni mwanamke, Margaret Calvert, mzaliwa wa Afrika Kusini. Yeye na Jock Kinneir ndio waliosanifu alama za barabarani za Uingereza, zilizoanza kutumika 1965. Kibao cha zamani kilikuwa na mvulana mwenye kofia ya shule akimwongoza msichana.

Calvert akageuza. Na yule msichana ni yeye mwenyewe, alivyokuwa utotoni!

Jamani, mimi kazi yangu ni kusanifu mabango, na jina hili sikuwahi kufundishwa. Imeniuma kweli.

Jioni tulipofika pale, binti yangu akanishika mkono, akatangulia yeye, akanivusha.

Wapendwa, ni kazi gani ya mwanamke mmeitazama miaka yote bila kujua ni yake? Niandikieni hapa chini, nitampa binti yangu orodha.